Vepu ya dawa ya pumu? Ngoja kwanza tuongee kuhusu valvu

Kuna swali linakuja sana dirishani kwangu siku hizi, nimeona bora niliandike mara moja niwe natuma linki, maana kurudia maneno yale yale huku foleni inasubiri na mama wa watu ana mtoto mgongoni analia sio vizuri. Swali linakuja na sura tofauti tofauti ila ni lile lile: dokta, hivi hizi vepu si wangeweka tu dawa humo ndani?

(Mi sio dokta, ni muuza dawa, ila ukikaa nyuma ya dirisha la famasi Dar utaitwa dokta tu upende usipende.)

Wa juzi alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, shkamoo dokta, marahaba, naomba Ventolin. Nikamletea boksi, nikaona mkono wa pili ameshika kidude cha zambarau, harufu ya embe inamtangulia mita mbili. Nikakiangalia kidude, nikaliangalia boksi la inhela, sikusema kitu. Akaelewa mwenyewe, akacheka: "Sasa dokta si mngetuunganishia tu ikawa kitu kimoja, nisibebe viwili."

Nikacheka na mimi. Lakini tuseme ukweli, swali sio la kijinga. Mi mwenyewe nina pumu tangu mtoto, najua inavyokera kukosea kubonyeza inhela, unabonyeza wakati hujaanza kuvuta, dawa yote inaishia kooni, ulimi unakuwa mchungu na kifua bado kinapiga filimbi. Halafu unamwona mtu pembeni anavuta vepu bila kubonyeza chochote, anavuta tu, wingu linajaa chumba. Lazima ujiulize, hii teknolojia kwanini inapelekwa kwenye embe na nikotini peke yake?

Sasa ukweli ni kwamba imeshapelekwa kwenye dawa. Zaidi ya mara moja. Na wanasayansi wanaoshughulika nayo sio vichaa. Ila njiani kuna mambo, na jambo kubwa kuliko yote kwa maoni yangu ni valvu, ntafika huko.

Tuanze na vepu yenyewe maana wengi wanavuta bila kujua kinachotokea. Ndani kuna betri, kuna waya mwembamba umesokotwa, hiyo wanaita koili, kuna pamba imelowa maji maji. Maji maji yenyewe ni propilini glikoli na gliserini, na ladha, na mara nyingi nikotini. Ukivuta sensa inahisi hewa inapita, betri inawasha koili, koili inafika nyuzi mia mbili na kitu, maji maji yanakuwa mvuke, mvuke ukikutana na hewa ya kawaida unapoa na kurudi kuwa matone madogo madogo mno, ndo lile wingu unaliona. Hakuna kitu kinaungua, au tuseme hakitakiwi kuungua, maana pamba ikikauka na koili bado inawaka hapo unaanza kupata fomaldehaidi na akrolini, kemikali zenye sumu, na wavutaji wanaijua hiyo ladha, wanaikimbia wenyewe.

Na aliyeanzisha hii vepu ya kisasa ni mfamasia. Ndio, mwenzetu kabisa. Hon Lik, mchina, alikuwa anavuta sigara kupita kiasi, baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu, na mwaka 2003 akaja na kifaa chake. Cha kushangaza, kile cha mwanzo hakikutumia koili ya moto, kilitumia mtetemo wa ultrasonika kuvunja maji maji kuwa ukungu, na huo ni ujanja ule ule wa baadhi ya nebulaiza za hospitali, zile mashine zinazogeuza dawa ya maji kuwa ukungu wa kuvuta. Kwahiyo sio kwamba leo tunataka kuichukua teknolojia ya wavutaji tuipeleke hospitali, kwa kiasi fulani ilitoka huko huko ikaenda kutembea mtaani ikarudi na harufu ya embe.

Hata wazo la kumvutisha mgonjwa wa pumu sigara sio jipya. Miaka ya 1800 huko Ulaya mwenye pumu alikuwa anaandikiwa sigara, kweli kabisa, sigara za majani ya datura, zinauzwa famasi kwenye boksi zuri, na ziliendelea kuuzwa mpaka karne ya 20. Marcel Proust yule mwandishi wa Ufaransa alikuwa anazitumia. Na usidhani ulikuwa uganga mtupu, majani ya datura yana atropini na atropini inalegeza njia za hewa, ipratropiumu tunayoitumia leo kwenye nebulaiza imetokana na atropini. Tatizo lilikuwa nini? Kipimo. Jani hili lina dawa nyingi, lile lina kidogo, huyu anavuta kwa nguvu, yule anavuta taratibu, ukizidisha unaanza kuona vitu ambavyo havipo. Na juu yake unaingiza moshi kwenye mapafu ambayo tayari yana hasira.

Hapo ndo valvu inapoingia.

Mwaka 1955 Marekani kulikuwa na kampuni inaitwa Riker, mkuu wake George Maison alikuwa na binti wa miaka 13 mwenye pumu. Enzi hizo walikuwa wanatumia kichupa cha kioo chenye puto la kuminya, kinavunjika, kinavuja, kila ukiminya kinatoka kiasi chake. Binti akamuuliza baba yake, kwanini dawa yangu isiwekwe kwenye kopo la kupuliza kama spreyi ya nywele? Baba akaenda nalo kazini. Mkemia wao akaanza majaribio na vichupa vya manukato, friza kuukuu ya aiskrimu na mashine ya kufungia vizibo vya chupa za soda, yani vitu vya gengeni kabisa. Na valvu waliichukua kwenye manukato, valvu iliyotengenezwa na Philip Meshberg, ambayo kila ukibonyeza inatoa maikrolita 50, haizidi haipungui, hata ukibonyeza kwa hasira, hata ukibonyeza usiku wa manane mikono inatetemeka. Machi 1956 inhela ikawa sokoni. Toka hapo mpaka leo unayonunua kwangu ni mtoto wa ile ile, maikrogramu 100 za salbutamo, ndo dawa iliyomo kwenye Ventolin, kila mpulizo, mipulizo 200 kwenye kopo, basi.

Watu wanaona inhela ni kopo la plastiki la bluu. Mi naona ile valvu. Kinachofanya ile kitu iwe dawa ni kwamba daktari akisema vuta mbili anajua umepata nini.

Sasa chukua vepu. Wingu la vepu linategemea nini? Betri imejaa au imebaki kidogo. Koili mpya au imeshaganda masizi. Umevuta sekunde mbili au tano. Umepumzika kati ya mvuto na mvuto au umefululiza. Maji maji mazito au mepesi. Kwa mtu anayevuta embe haina shida, akiona haijamtosha anavuta tena, mwili wake mwenyewe ndo valvu. Lakini mgonjwa wa pumu aliyebanwa hana hiyo nafasi, na mtu akibanwa anavuta pumzi fupi fupi, maana yake wakati anahitaji dawa kuliko wakati wote ndo kifaa kinampa kidogo kuliko wakati wote. Na akipata nafuu, anavuta kwa raha, kinampa nyingi. Kinyume kabisa na tunavyotaka.

Hili linatatulika, sikatai. Unaweza kuweka kompyuta ndogo humo ndani ikapima pumzi na kuzima koili baada ya muda fulani, teknolojia ipo. Lakini ukishaweka hivyo vyote bei sio ya vepu tena.

La pili ni moto. Sio kila dawa inastahimili kuchemshwa. Insulini ni protini, ukiipitisha kwenye koili ni sawa na kukaanga ute wa yai, hautarudi kuwa ute. Kwahiyo wale wanaoniuliza "na ya sukari je", jibu ni hapana, sio kwa koili. Insulini ya kuvuta ilishatengenezwa lakini ni ya unga, Pfizer walipata kibali cha Exubera Januari 2006, kidude kikubwa mpaka watu wakawa wanakitania, Oktoba 2007 wakaitoa sokoni na hasara ya dola bilioni 2.8. Baadaye 2014 ikaja Afrezza, hiyo kidude chake kidogo kinakaa kiganjani, ila nayo ni unga, hakuna moto. Antibayotiki, chanjo, vitu vya namna hiyo, kila kimoja unatakiwa uthibitishe kwamba kinachotoka upande wa pili wa koili ni kile kile ulichokiweka na sio mjukuu wake mwenye sumu.

La tatu, ukubwa wa tone. Hapa ndo pananifurahishaga maana ni fizikia tupu. Tone likiwa kubwa, zaidi ya maikroni 5 hivi (maikroni ni milimita ukiigawa mara elfu), linagonga koo na kubaki hapo, unalimeza. Likiwa kati ya maikroni 1 na 5 linaingia ndani kwenye matawi ya mapafu, huko ndo tunakotaka. Likiwa dogo zaidi ya hapo, mengi yanaelea tu, yanaingia na kutoka bila kutua. Matone ya vepu mengi yako chini ya maikroni moja. Lile wingu kubwa mnalolitoa puani mnajidai nalo, kwa mtazamo wa mfamasia ni dawa inayoondoka. Nikotini haijali sana maana inafyonzwa haraka popote ikigusa, ila salbutamo tunataka ikatue mahali maalum, kwenye misuli ya njia za hewa.

Ok sasa waliofanikiwa.

Kuna dawa inaitwa Adasuve. Ndani yake ni loksapini, dawa ya magonjwa ya akili, na Marekani waliipitisha Desemba 2012 kwa ajili ya mgonjwa wa skizofrenia au baipola aliyechachamaa. Kifaa chake ni cha mara moja, unavuta kijikaratasi nyuma, taa ya kijani inawaka, maana yake kipo tayari, mgonjwa anavuta, taa inazimika yenyewe, anashikilia pumzi kama sekunde kumi, imeisha. Ndani hakuna maji maji wala pamba. Dawa imepakwa utando mwembamba sana kwenye bati, na ukivuta lile bati linapata moto ghafla na dawa yote inaruka kuwa mvuke chini ya sekunde moja kabla haijapata muda wa kuharibika, inapoa, inakuwa matone ya saizi inayofaa. Unaona walivyocheza? Kipimo kimewekwa kwenye bati, miligramu 10, hakuna cha kuvuta zaidi kwasababu hakuna zaidi. Valvu yao ni kile kiasi kilichopakwa. Na inafika kwenye damu ndani ya dakika mbili hivi, hakuna kidonge kitakachofanya hivyo, na hakuna haja ya watu wanne kumshikilia mgonjwa apigwe sindano, ambayo kwa kweli ni kitu cha kudhalilisha, mgonjwa wa akili naye ni mtu.

Lakini sasa, sikiliza hii. Adasuve hairuhusiwi kwa mtu mwenye pumu. Inaweza kumbana kifua vibaya. Walipoijaribu kwa wenye pumu wengi walibanwa na kuhitaji dawa ya kufungua, kwahiyo onyo lake limezungushiwa fremu nyeusi juu kabisa ya maelezo ya dawa, ilitakiwa itolewe mahali penye vifaa vya kumwokoa mtu akibanwa, na kabla ya kumpa lazima umuulize kuhusu pumu na umsikilize kifua, na baada ya kumpa unamwangalia kila dakika 15 kwa saa nzima. Kwahiyo wewe mwenye pumu unayeota vepu ya dawa, mfano bora kabisa wa hiyo ndoto umekatazwa kuugusa. Mapafu yako hayaoni tofauti ya mvuke mzuri na mvuke mbaya kama wewe unavyodhani, kitu chochote cha ghafla kinaweza kuyakasirisha.

Mfano wa pili ndo naupenda zaidi kwasababu ni wa ajabu. Philip Morris, ndio wale wale wa sigara, walikuwa na teknolojia ya kamrija kembamba kanakopashwa moto, unasukuma maji maji upande mmoja yanatoka ukungu upande wa pili. Mwaka 2005 wakaingia mkataba na kampuni ya Marekani inaitwa Discovery Labs, wapeleke ile teknolojia kwa watoto njiti. Mtoto akizaliwa kabla ya wakati mapafu yake hayana safaktanti, ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandamane, na kumpa inabidi apitishiwe mpira kooni. Wakataka apewe kwa ukungu, avute tu puani taratibu. Wakauita mradi Aerosurf. Fikiria, kitu kilichofikiriwa na kampuni ya sigara kinapeleka pumzi kwa mtoto wa kilo moja. Bahati mbaya jaribio lao kubwa lililotoka 2017 halikufikia lengo lililowekwa, na walilalamikia kifaa kukatika katika wakati wa matibabu. Tatizo halikuwa dawa peke yake, kifaa nacho kinatakiwa kifanye kazi saa zote bila kusinzia.

Na hapo ndo tunafika kwenye pesa, maana huwezi kuongelea hili bila kuongelea kina nani wanalitaka.

Mwaka 2021 Philip Morris wakanunua kampuni ya Uingereza inaitwa Vectura kwa pauni zaidi ya bilioni moja. Vectura kazi yao ni inhela, wanatengeneza teknolojia ya dawa za pumu na magonjwa ya mapafu. Madaktari wa mapafu waliwaka, vyama vya madaktari vya Marekani na Ulaya, mashirika ya wagonjwa wa pumu ya Uingereza, wote wakasema haiwezekani mtu auze ugonjwa asubuhi na jioni auze dawa yake. Wengine wakajitenga na Vectura kabisa, mikutano, ushirikiano wa utafiti, vikakatika. Na 2024 Philip Morris wakaiuza kwa kampuni ya Molex, malipo ya mkononi pauni milioni 150 na mengine kwa masharti. Toka bilioni mpaka milioni 150 kwa miaka mitatu, hata muuza mitumba Karume angelia.

Mi msimamo wangu? Nafikiri madaktari walikuwa sahihi, na nasema hivyo nikijua kwamba kampuni za sigara ndo zina wahandisi wengi wanaoelewa mvuke kuliko mtu yeyote. Uelewa wanao. Ila mgonjwa wangu anayenunua salbutamo asiwe anachangia bajeti ya kumtafutia sigara mtoto wake. Kuna mtu atasema siasa. Sawa, siasa.

Sasa upande wa mtaani. Kuna hizi vepu zinauzwa mtandaoni "za afya", za vitamini B12, za melatonini ya usingizi, za mafuta ya mkaratusi eti zinasafisha mapafu, na nimeshatumiwa matangazo yake na watu ambao nawaheshimu. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, Desemba 2021 waliwaonya watu wazi kabisa kuhusu hizi. Kitu kuwa salama tumboni hakukifanyi kiwe salama kwenye mapafu. Hili halina mjadala, na ushahidi ulishalipwa kwa maisha ya watu. Mwaka 2019 Marekani vijana wenye afya walianza kuingia hospitali wanashindwa kupumua, mpaka Februari 2020 walikuwa 2,807 na waliokufa 68. Wengi walikuwa wamevuta vepu za bangi za uchochoroni, na walipochunguza maji yaliyooshwa kwenye mapafu ya wagonjwa 51 walikuta asetati ya vitamini E kwa 48. Vitamini E! Ile ile iliyoko kwenye losheni yako na kwenye vidonge ninavyouza. Wauzaji waliitumia kuzimulia mafuta ya bangi kwasababu ni nzito na inafanana nayo. Kwenye ngozi haina neno, ukiimeza haina neno, ukiipasha moto na kuivuta ikaleta msiba. Kwahiyo mtu akikwambia "ni asilia" mwambie vitamini E nayo ni ya kawaida kabisa.

Kuna eneo moja ambalo vepu kama dawa imeonyesha kitu cha maana, nacho ni kuacha sigara, nisiwe mnafiki. Uingereza 2019 walichapisha jaribio la watu 886, nusu wakapewa vepu nusu wakapewa plasta na bazoka za nikotini na vinginevyo, wote wakisaidiwa na washauri. Baada ya mwaka walioacha sigara upande wa vepu walikuwa asilimia 18, upande wa pili 9.9. Karibu mara mbili. Ila soma mpaka mwisho, wale walioacha kwa vepu asilimia 80 walikuwa bado wanavuta vepu mwaka umeisha, wale wa plasta asilimia 9 tu ndo bado walikuwa wanatumia. Umeacha sigara, hujaacha nikotini. Na hata huko Uingereza ambako wanaipenda hiyo njia, mwaka 2015 vepu ya e-Voke ya kampuni ya British American Tobacco ilipewa leseni kabisa kama dawa, daktari angeweza kuiandika, halafu haikuingia sokoni. Leseni ya dawa inamaanisha kila kipande kina kipimo na kila boksi linafanana na lenzake, na ladha ya embe mtaani inauzwa haraka bila shida yote hiyo. Mfanyabiashara amepiga hesabu akachagua.

Jirani zetu Uganda hawakutaka hata kufika huko, sheria yao ya tumbaku ya 2015 ilipiga marufuku vepu pamoja na shisha. Sijui kama marufuku ndo dawa, maana shisha nayo tumeipiga marufuku hapa na mnajua wenyewe. Ila basi.

Nikirudi kwa wenye pumu wenzangu. Kuna sababu moja inayonifanya nisilifunge hili jambo kabisa. Inhela za kopo zinasukumwa na gesi. Zamani ilikuwa CFC, ikaonekana inatoboa ozoni, mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuiondoa, ikaja HFA. HFA nayo haitoboi ozoni ila inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 ya kaboni dayoksaidi uzito kwa uzito, na mwaka 2016 mataifa yakakaa hapo Kigali kwa jirani wakakubaliana kuzipunguza gesi za jamii hiyo. Kampuni za dawa sasa zinahangaika kutafuta gesi nyingine au njia isiyohitaji gesi kabisa, na kifaa chenye betri ni moja ya hizo njia. Sio lazima koili, kuna vile vyenye wavu unaotetemeka wenye matundu madogo madogo, unavunja maji maji kuwa matone bila moto, tayari viko kwenye nebulaiza za mkononi. Huo wavu ukishuka bei mi ntakuwa wa kwanza kushangilia. Lile umbo la vepu, kwamba kinafanya kazi ukivuta tu bila kubonyeza, hilo ni zuri kwelikweli kwa mtoto na kwa mzee.

Ila leo, wiki hii, dirishani kwangu, watu wengi wenye pumu hawajafika hata kwenye inhela. Wananunua vidonge vya salbutamo kwasababu ni bei chee, mtu anameza, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, kifua kinafunguka kidogo baada ya nusu saa. Kidonge cha miligramu 4 ni sawa na mipulizo 40 ya inhela, ndo maana mikono inatetemeka. Wengine wanayo inhela ya bluu peke yake wanaivuta kila siku, hawajawahi kuambiwa kuhusu ile ya kutuliza uvimbe ndani, na toka 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu inasema wazi salbutamo peke yake haitoshi. Huo ndo mjadala ningependa uende mtandaoni kwa kasi ya hizo vepu. Mwenye ya bluu tu, nenda kliniki uulize ya pili.

Na shida ya kukosea kubonyeza ilishapata jibu, tena hapa hapa Afrika. Mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake Cape Town walichapisha utafiti wao kwenye jarida la Lancet, wakionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi ya spesa, kile chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo, kwa watoto waliobanwa na pumu sawa na spesa ya kununua. Chupa ya maji! Unaitoboa chini, unachomeka inhela, mtoto anaweka mdomo kwenye shingo ya chupa, unabonyeza mara moja, anapumua kawaida tu mara tano mpaka kumi, halafu ndo unabonyeza ya pili. Matone makubwa yanabaki kwenye chupa, madogo yanaingia. Hakuna betri, hakuna kuwahi muda, hakuna kuchaji.

Tundu usilikate kwa mkasi litakuwa kubwa. Chukua waya, ukunje ufuate umbo la mdomo wa inhela, upashe moto mpaka uwe mwekundu, ubandike kwenye kitako cha chupa, plastiki itayeyuka na kuacha tundu la saizi yake kabisa. Chomeka inhela wakati bado pana joto ikae vizuri, pakivuja ziba na plasta. Kabla ya kuitumia ioshe kwa maji ya sabuni ya vyombo na usiifute na kitambaa, iache ikauke yenyewe, maana ukiifuta plastiki inapata umeme tuli na dawa itaganda ukutani badala ya kwenda kwa mtoto. Osha hivyo hivyo kila wiki. Chupa ikichakaa tengeneza nyingine, na kama unaogopa kutoboa njoo nayo dirishani mchana watu wakiwa wachache, waya ninao.